Tasnifu: nataka kujua kwa nini vijana wanaingia kwenye uhalifu, msimamizi kaniuliza "Unawalinganisha na nani?"

Mwaka_wa_Mwisho ameandika:

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo yenu kabla sijarudi kwa msimamizi wangu.

Nasoma sosholojia, na tasnifu yangu inahusu vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 17 walioko mahabusu ya watoto. Mpango ulikuwa kuwahoji 30 kuhusu nyumbani, shuleni na marafiki, kisha nijibu swali la utafiti: ni mambo gani yanawasukuma vijana kwenye uhalifu? Nimeshafanya mahojiano machache ya majaribio na majibu yanafanana mno. Baba hayupo. Niliacha shule. Nilifuata wenzangu. Mmoja alisema tu "shetani alinipitia", akanyamaza, na sikujua niendelee vipi.

Nikaona nimeshapata mwelekeo. Pendekezo likarudi, sura ya tatu, ile ya mbinu, imejaa wino mwekundu, na pembeni ya neno "sampuli" kaandika swali moja: "Unawalinganisha na nani?" Nilipomfuata akasema nikalifikirie mwenyewe kwanza.

Nadharia za saikolojia na za kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, nimezisoma, naweza kuzitaja moja baada ya nyingine. Ila bado sioni kwa nini nihangaike na watu wasio na kosa wakati ninachotaka kuelewa ni kosa. Na lingine linalonikosesha usingizi: hawa vijana wakizungumza nami, nitajuaje kama wanasema kweli?

Dereva_wa_Hoja ameandika:

Mbona jibu unalo tayari? Ni malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Majibu uliyoyapata yanathibitisha, baba hayupo, nani wa kumkanya? Andika hivyo umalize chuo. Wasimamizi wengine wanapenda kuzungusha watu.

Mzee_wa_Faili ameandika:

Mwanangu, umeulizwa swali kubwa kuliko yote katika fani hii, na msimamizi kakutendea wema kukuacha ulitafune mwenyewe. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa muda mrefu, kazi yangu ikiwa kuandika ripoti za watoto waliofikishwa mahakamani, kabla sijahamia kufundisha mbinu za utafiti. Faili zilizopita mikononi mwangu ni nyingi, na karibu kila moja ilikuwa na ule mstari wa "baba hayupo". Hakimu akiusoma anatikisa kichwa, na kila aliye chumbani anaona kesi imeeleweka. Haijaeleweka.

Tuseme katika hao 30, 20 wamekua bila baba. Utaandika theluthi mbili, na msomaji atashtuka. Sasa nenda mitaa waliyotoka, utafute vijana 30 wa umri huohuo ambao hawajawahi kushikwa. Ukikuta 20 kati yao nao hawana baba nyumbani, hoja yako imekufa. Ukikuta 8, hapo una jambo la kusema. Bila kundi la pili huwezi kujua uko kwenye hali ipi kati ya hizo mbili, hata ukiwahoji wa mahabusu mpaka wakuchoke. Hawa wasio na kosa ndio watakaokuambia lipi katika maisha ya wenzao lina uzito, na lipi ni hali ya kawaida ya mtaa mzima.

Kriminolojia yenyewe imewahi kuumia hapo. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kuna mhalifu wa kuzaliwa na kwamba mwili wake unamtambulisha: taya kubwa, mikono mirefu, masikio ya namna fulani. Vipimo alikuwa navyo tele. Ulinganisho wake ndio uliokuwa dhaifu. Ilipofika 1913, Charles Goring, daktari wa magereza Uingereza, akachapisha vipimo vya wafungwa zaidi ya 3,000 akiwaweka kando ya watu wasio wafungwa, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu na wanajeshi. Ile sura ya mhalifu haikupatikana. Katikati hapo ilipita miaka zaidi ya 30 ya watu kutazamwa masikio.

Halafu ndani ya swali hilohilo la msimamizi kuna la pili, na hili naomba ulikalie. Hao vijana 30 si "vijana waliofanya uhalifu". Ni vijana waliofanya au waliodhaniwa wamefanya, wakaonekana, wakakamatwa, wakashtakiwa, kisha wakakosa wa kuwadhamini. Kila hatua imechuja watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani wawili, James Short na Ivan Nye, waliwapa wanafunzi wa shule hojaji zisizo na majina na kuwauliza wenyewe: umewahi kufanya nini kati ya haya? Watoto wa wenye nacho nao walikiri mengi. Lile pengo kubwa kati yao na watoto wa maskini, lililoonekana kwenye kumbukumbu za polisi na za vituo vya watoto, likapungua sana.

Sasa turudi kwa yule baba asiyekuwepo wa majibu yako. Mtoto mwenye baba anayefika kituoni usiku, akaongea na askari, akatia saini, huyo analala nyumbani. Asiye naye analala ndani. Kwa hiyo inawezekana kabisa kukosa baba kunaeleza kwa nini yuko mahabusu na hakuelezi hata kidogo kwa nini aliiba. Soma pendekezo lako ukiwa na hilo kichwani, uone ni sentensi ngapi zitasimama.

Ndugu Dereva wa Hoja, methali yako siipingi, nami nimelelewa nayo. Ila malezi tunayaona kwa urahisi tukishajua mwisho wa mtu, ilhali hali aliyokuwa nayo saa ile hatuioni kabisa. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya Princeton, Marekani, na wanafunzi wa seminari, watu wanaosomea dini. Kila mmoja alitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba, wengine hotuba yenyewe ikiwa juu ya Msamaria Mwema, na njiani kulikuwa na mtu ameinama, anakohoa, anaonekana hoi. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana, wala tofauti za imani yao hazikutosha kutabiri nani atasimama. Watu walewale, malezi yaleyale, saa tu ndiyo iliyotofautiana. Ukimwona aliyepita bila kugeuka ungeapa kwamba ana roho mbaya.

Utafiti ninaoufundisha kila mwaka bila kuuacha, na ninaotamani kila anayetaka kuwaelewa watu aujue, ni ule wa Cambridge na Somerville, miji miwili ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Daktari Richard Cabot alitaka kujua kama mtoto aliye hatarini akipata mtu mzima wa kumjali, rafiki wa kweli, ataepuka uhalifu. Wavulana wakapangwa wawiliwawili, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, hali ya nyumbani, mtaa na tabia. Sarafu ikarushwa. Mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa na maisha yake. Kazi ilianza 1939, wengi wao wakiwa na miaka kama kumi hivi. Washauri waliwatembelea nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa miaka mitano. Waliwasaidia masomo, waliwapeleka kwa madaktari, waliongea na wazazi, wengine wakawapeleka kambi za likizo. Mimi nilipousoma mara ya kwanza niliona ni ile kazi ambayo sisi wa ustawi wa jamii tumeiota siku zote, ila hatukuwahi kupata muda wala fedha za kuifanya sawasawa.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta, wakiwa watu wazima wa makamo. Kulikuwa na 506, yaani 253 kila upande. Aliwauliza waliokuwa kwenye mradi kama uliwasaidia, na theluthi mbili wakasema ndiyo. Wapo waliowakumbuka washauri wao kwa upendo mkubwa. Angeishia hapo, mradi huo ungesifiwa hadi leo.

Lakini McCord alikuwa na upande wa pili wa sarafu. Akaweka sambamba kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo. Waliosaidiwa hawakuwa na hukumu pungufu. Waliokuwa wameshakosa mara moja, upande wa mradi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao, maradhi makubwa ya akili vilevile, na waliofariki walifariki wakiwa na umri mdogo zaidi. Alichapisha haya 1978. Mwaka 1999, yeye na wenzake walipochimba tena, madhara yalionekana kuwaelemea wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo waliyopendekeza ni kwamba wenye mwelekeo wa utundu walipokusanywa pamoja kambini, walisifiana kwa utundu huo.

Hakuna aliyedanganya hapo. Aliyesema "walinisaidia" alisema alivyohisi. Ila hakuna binadamu anayeweza kuyaona maisha ambayo hakuyaishi. Ilihitajika sarafu, na mwenzake wa upande wa pili, ili McCord ayaone kwa niaba yake.

Wewe huwezi kurusha sarafu, na maadili hayakuruhusu kumtuma mtu yeyote mahabusu. Unachoweza ni kufanya kwa udogo walichofanya watafiti Sheldon na Eleanor Glueck, Boston, kuanzia 1940: wavulana 500 kutoka shule za kurekebisha tabia, na wengine 500 wa shule za kawaida, wakilinganishwa mtu kwa mtu kwa umri, asili, aina ya mtaa na kipimo cha akili. Wewe tafuta wako kwa mitaa na shule walizotoka hao hao. Hata 20 kwa 20 itakuwa kazi ya maana kuliko 40 wa upande mmoja.

Mwaka_wa_Mwisho ameandika:

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Hiyo ya baba kufika kituoni imenikalisha chini. Nimerudi kwenye maandishi yangu ya majaribio, na kweli, kijana mmoja alinieleza kwamba walishikwa watatu na wawili waliondoka usiku uleule baada ya wazazi wao kuja. Nilikuwa nimeiandika kama habari ya pembeni tu.

Bado la ukweli. Na huyu wa "shetani alinipitia", nimfanyeje?

Nasikiliza ameandika:

Naomba nami niseme, kwa heshima ya mzee. Mimi hufanya mahojiano marefu na wanawake waliotoka gerezani, mtu mmoja nikimrudia mara kwa mara mpaka tuzoeane. Mnayosema juu ya kulinganisha ni sawa, ila naogopa mwenzetu atatoka hapa akidhani kazi ni kujaza safu mbili za jedwali. Ukipata 20 kwa 8 umejua kwamba kuna tofauti. Hujajua tofauti hiyo ilifanya kazi vipi ndani ya maisha ya mtu. Baba kuondoka ni tukio gani kwa mtoto? Kuna ambaye kulimvunja moyo, na kuna ambaye kuondoka kwa baba ndiko kulikoleta amani nyumbani. Kwenye jedwali lako hao wawili wanakaa kisanduku kimoja. Nimechoka kuona tafiti ambazo mwandishi hajawahi kumsikia mhojiwa akimaliza sentensi.

Mzee_wa_Faili ameandika:

Dada Nasikiliza, hilo la kisanduku kimoja nalichukua lote. Wala hatuko mbali, maana hao hao wavulana wa akina Glueck wana sehemu ya pili inayokuunga mkono. Faili zao ziliwekwa kwenye maboksi, zikasahaulika chini ya maktaba ya shule ya sheria ya Harvard, hadi mtafiti John Laub alipozikuta katikati ya miaka ya 1980. Yeye na Robert Sampson wakazichambua upya kwa takwimu na kuchapisha kitabu 1993. Wakaonyesha kwamba wengi hata kati ya waliokuwa watukutu waliacha, na kwamba ndoa yenye maelewano na kazi ya kudumu vilihusiana na kuacha. Lakini takwimu zile hazikuweza kusema ndoa inamfanya nini mtu. Ndipo Laub akaenda kuwatafuta wenyewe, sasa wazee wanaokaribia miaka 70, na 52 kati yao wakakaa na kusimulia maisha yao. Ikaeleweka kwamba mengi yalipita kwenye mambo ya kila siku: mke anauliza uko wapi, asubuhi kuna kazi, wale marafiki wa kijiweni hawaonekani tena, na siku moja mtu anajikuta ameshaacha bila kukumbuka lini aliamua. Jedwali lilionyesha pa kuchimba, wazee wakaeleza kilichokuwepo shimoni. Mwanafunzi wetu anahitaji vyote viwili, na bora aanze akijua kipi kinajibu lipi.

Mwanangu, kuhusu ukweli. Acha kuuliza "kwa nini ulifanya?" Hilo ni swali la polisi, la hakimu, la mama yake, na amelijibu mara nyingi kabla yako. Analo jibu lililokomaa. Ukimuuliza unapata hotuba yake ya kujitetea, nawe unaiandika ukidhani ni chanzo.

Omba akusimulie siku. "Nieleze siku ile tangu ulipoamka." Halafu nyamaza. Akifika mahali, mrudishe taratibu: mlikuwa wangapi hapo? Nani aliongea kwanza? Wewe ulikuwa umesimama wapi? Kuna aliyesema tuache? Yule aliyesema tuache alijibiwa nini? Nimeona vijana walioanza na "shetani alinipitia" wakafika, bila kusukumwa, kwenye dakika ambayo mwenzao mkubwa aliwatazama na kusema "wewe mwoga", na sauti ikabadilika. Hiyo dakika ndiyo data yako. Na kijana wa upande wa pili, yule asiyeshikwa, muulize jambo lilelile kwa namna yake: nieleze siku ambayo wenzako walienda kufanya kitu na wewe hukwenda. Hapo utakuwa umelinganisha dakika kwa dakika, ambacho ni kikubwa kuliko kulinganisha baba kwa baba.

Ila usimtupe shetani wake. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza waliandika makala fupi wakisema vijana wengi wanaovunja sheria wanaamini kuiba ni kubaya kama sisi tunavyoamini, na ndiyo maana wanahitaji maneno ya kujipoza. Haikuwa mimi, nilisukumwa. Hakuna aliyeumia. Na yeye alistahili. Nyie wenyewe mnaonihukumu mna yenu. Nilifanya kwa ajili ya wenzangu. "Shetani alinipitia" inakaa kwenye lile la kwanza. Swali la Sykes na Matza lililo zuri zaidi ni la wakati: je, maneno hayo yalikuja baada ya tendo, kama dawa ya aibu, au yalikuwepo kabla na ndiyo yaliyofungua mlango? Mahojiano ya leo peke yake hayatakujibu hilo, maana yote anayasema baada. Kwa hiyo andika kama anavyojieleza sasa, usiandike kama kilichomsukuma siku ile.

Jihadhari pia na maneno yako mwenyewe. Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu za magari yanayogongana, wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, chenye maana ya kupondana, walikadiria wastani wa maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana tu, maili 32. Filamu ni zilezile. Katika jaribio lao la pili, baada ya wiki, watu wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Asilimia 32 ya waliosikia kitenzi kikali walisema waliviona, dhidi ya 14 kwa waliosikia neno la kawaida la kugonga. Sasa wewe ukimuuliza kijana "baada ya baba kuwatelekeza, uliumia kiasi gani?" umeshampa kutelekezwa na kuumia kabla hajafungua mdomo. Muulize "nyumbani mliishi na nani?" na ngoja.

Dereva_wa_Hoja ameandika:

Mzee nimekuelewa kwenye ile ya seminari, nimeisoma mara mbili. Lakini kwenye kujua mwongo, si kuna wataalamu? Macho kukwepa, kuhangaika na vidole, kumeza mate. Akipewa mafunzo hayo kidogo si atawachuja wanaomdanganya?

Mzee_wa_Faili ameandika:

Hapana, ndugu yangu, na naomba asiyaguse. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi zilizopima uwezo wa watu kutofautisha kweli na uongo kwa kutazama na kusikiliza, waamuzi karibu 25,000 kwa jumla. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54, na kurusha sarafu kunakupa 50. Wenye kazi za kuwashughulikia waongo, polisi wakiwemo, hawakuwapita raia wa kawaida. Walichowazidi wengine mara nyingi ni kujiamini, na hapo ndipo watu wasio na hatia huumizwa. Kijana aliyezoea kupigwa hukwepa macho ya mtu mzima yeyote, hata anapokutajia jina lake.

Kinachosaidia ni kuwa na chanzo kingine. Linganisha simulizi na faili pale ambapo yeye mwenyewe na taasisi wameridhia ulione, na ukikuta tofauti usidhani faili ndilo kweli. Nimeandika mafaili, najua yanavyoandikwa kwa haraka. Tofauti yenyewe iandike, ni matokeo.

Mwaka_wa_Mwisho ameandika:

Nimeandika upya swali la utafiti jana usiku: "Vijana walioko mahabusu na wenzao wa mitaa hiyohiyo wasiowahi kukamatwa wanasimuliaje nyakati walizojiunga au kujizuia kujiunga na tendo la kuvunja sheria?" Kuhusu baba nimeongeza hatua za baada ya kukamatwa: nani alikuja kituoni, baada ya muda gani, na nini kikafuata.

Limebaki moja. Hawa wa mitaani wasiowahi kukamatwa, haina maana hawajafanya. Nikiwauliza uso kwa uso hawatakubali. Nimesikia kuna mbinu ya kutumia sarafu, inafanyaje kazi? Dada Nasikiliza, nawe naomba neno juu ya siri zao.

Mzee_wa_Faili ameandika:

Swali jipya linasimama. Lishike hilo.

Mbinu unayosema chimbuko lake ni wazo la Stanley Warner, 1965, na wengine wakalirahisisha baadaye. Mpe kijana sarafu airushe mwenyewe, wewe usione. Kikitokea kichwa, ajibu "ndiyo" bila kujali ukweli. Ukitokea upande wa pili, ajibu kweli. Sasa akisema "ndiyo" huwezi kujua kama ni yeye au ni sarafu, na yeye anajua kwamba hujui. Lakini kwa kundi zima unajua. Tuseme ni vijana 200 na "ndiyo" zimekuwa 130. Karibu 100 ni za sarafu. Zinabaki 30, kutoka kwa wale 100 waliojibu kweli. Makadirio ni asilimia 30.

Ni mbinu nzuri kwelikweli, ila wewe usiitumie. Nusu ya majibu yako yanaliwa na sarafu, kwa hiyo inahitaji watu wengi. Ukiwa na vijana 60, makadirio hayohayo ya asilimia 30 yanaweza kuwa na ukweli wowote kati ya takriban asilimia 6 na 54, na huwezi kuandika sura ya matokeo kwa pengo hilo. Kisha utataka kujua ni nani hasa alifanya nini ili ulinganishe simulizi, na sarafu imetengenezwa ili usijue. Tumia hojaji fupi isiyo na jina, ajaze mwenyewe, aitie kwenye bahasha na aifunge. Iwe na namba tu, na namba hiyohiyo iwe kwenye kinasa sauti cha mahojiano yake. Weka matendo madogo na makubwa pamoja: kuvuka geti bila kulipa, kupigana, kuchukua kitu dukani, kuvunja nyumba. Anayekuta madogo kwanza hukubali kuendelea.

Nasikiliza ameandika:

Juu ya siri, jambo la kwanza ni ridhaa mbili: ya mzazi au mlezi, na ya kijana mwenyewe. Ya pili isiwe ya kutikisa kichwa tu. Mahabusu kila kitu kinaamriwa, kwa hiyo kijana akisema "sawa" inaweza kuwa ni utii tu. Mimi humwambia mtu arudie kwa maneno yake nimemwomba nini na anaweza kukataa vipi. Akishindwa kunieleza namna ya kukataa, sijaanza.

La pili, mweleze mipaka kabla hajafungua moyo, asije akaisikia baada. Kwamba akikuambia kuna mtu anataka kumdhuru, au yeye anadhurika humo ndani, hutaweza kukaa kimya, na utamweleza kwanza yeye utakayemwambia. Kwa matendo ya zamani, mwombe asitaje majina ya wenzake wala tarehe wala mahali hasa. Huhitaji kwa utafiti wako, na yakiwa kwenye kinasa sauti chako yanaweza kutakiwa na mtu mwenye mamlaka. Orodha ya namba na majina iwe karatasi moja, isikae chumba kimoja na majibu, na uichome ukimaliza kuoanisha.

Na kamati ya maadili ya chuo usiione kama kikwazo. Wapelekee swali lako jipya pamoja na mwongozo wa mahojiano ukiwa kamili, wauone ule wa "nieleze siku ile tangu ulipoamka". Ukikwama kwenye kuuandika niandikie humu, nitakupa mpangilio wa maswali ninaoutumia, ubadilishe kwa umri wao.